Wasomaji Wauliza: Barafu ya Mlimani Hupunguaje, na kwa Nini Mwendo Wake Hupungua Nayo?

Maswali mengi yaliyofika dawati la sayansi mwezi huu yanahusu barafu ya milimani. Tumechagua saba. Neno moja kwanza, maana litajirudia: barafuto ni barafu ya mlimani iliyorundikana miaka mingi mpaka ikalemewa na uzito wake na kuanza kutambaa kwenda chini. Theluji inayoanguka Jumatatu na kutoweka Jumatano haijafika daraja hilo.

Barafu ya Kilimanjaro ikiisha, ziwa letu litashuka?

*Shikamoo mhariri. Hapa mwaloni watu wanasema barafu ya Kilimanjaro ikimalizika, Ziwa Victoria litakauka pembeni na mitumbwi itakwama. Kuna ukweli? Mchuuzi wa sangara, Mwaloni, Kirumba*

Marahaba. Hapana, hakuna tone la barafu ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, linaloingia ziwani. Maji ya Kilimanjaro upande wa kusini hufuata Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Ya Mlima Kenya huenda Tana na Ewaso Nyiro. Rwenzori ndiyo milima yenye barafu iliyo jirani zaidi na ziwa, lakini mito yake huingia Ziwa George na Ziwa Edward, ikashika Mto Semliki mpaka Ziwa Albert. Huko ndiko inakokutana na maji yetu, yakiwa yameshapita Jinja siku nyingi.

Kagera, Mara, Simiyu, Nzoia na mito mingine inayoingia ziwani hulishwa na mvua. Hata hiyo yote ukiijumlisha haifikii mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, ambayo peke yake huleta zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia. Yanayotoka, sehemu kubwa hupaa kama mvuke, yaliyobaki hushika Mto Nile. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kuwafuata watu majumbani, mvua nzito za 2019 na 2020 ndizo zilizolijaza.

Na hata Moshi, chemchemi hazingoji barafu. Mvua kubwa ya Kilimanjaro huanguka kwenye ukanda wa msitu, karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mwenye hofu na mifereji ya Wachaga aulize kwanza habari za msitu na moto. Ziwa na barafu havilishani, ingawa vina mlezi mmoja, na habari hiyo iko kwenye swali la msomaji wa Musoma hapo chini.

Inakwenda mbele, halafu inarudi nyuma: wanafunzi wamenibana

*Nafundisha jiografia kidato cha tatu. Nimeeleza kwamba barafuto hutembea kwenda chini, kisha nikasema inarudi nyuma. Darasa likacheka. Naomba maelezo, na pia jinsi wataalamu wanavyojua imepungua kiasi gani. Mwalimu, Nyamagana*

Mwalimu, darasa lako lina haki ya kucheka. Barafu hairudi nyuma hata siku moja. Kinachorudi ni ncha yake. Watazame wachukuzi wanaoshusha makapu ya dagaa mtumbwini na kuyamwaga kwenye rundo ufukweni, huku wanunuzi wakichota upande wa nchi kavu. Wachukuzi wanatembea kwenda nchi kavu muda wote. Lakini wanunuzi wakiwa wepesi kuliko wao, ukingo wa rundo unasogea kuelekea majini, na hakuna dagaa hata mmoja aliyerudi mtumbwini.

Barafuto ina sehemu mbili. Juu ni eneo la mapato: theluji inayoanguka kwa mwaka ni nyingi kuliko inayopotea. Chini ni eneo la matumizi: kinachopotea ni kikubwa kuliko kinachoanguka. Kati yao upo mstari wa usawa, mahali mapato na matumizi yanapolingana kwa mwaka huo. Mwaka mbaya mstari unapanda mlima, mwaka mzuri unashuka. Kazi ya mwendo ni kuchukua ziada ya juu na kuipeleka kufidia pengo la chini.

Theluji mpya ni nyepesi, kilo 100 hadi 300 kwa mita ya ujazo. Ikikandamizwa na ya mwaka unaofuata, na wa baada yake, hewa inabanwa mpaka inafika kilo 830 na matundu yanafungwa. Hapo ndipo inaitwa barafu. Barafu isiyo na hewa kabisa hufika 917. Kwa hiyo mita moja ya theluji na mita moja ya barafu si mali sawa, na wapimaji hugeuza kila kitu kuwa kina cha maji kabla ya kujumlisha.

Upimaji wenyewe ni wa jasho. Eneo la matumizi huchimbwa mashimo membamba kwa mtambo wa mvuke au keekee ya mkono, na ndani yake hutumbukizwa fito za mbao, plastiki au alumini. Penye upotevu wa mita 5 kwa mwaka shimo liwe la mita 8 hadi 10, la sivyo fito itaanguka kabla ya mpimaji kurudi. Hupimwa urefu unaochomoza. Mwaka jana ulikuwa mita 0.8, mwaka huu ni 2.3: barafu iliyotoweka ni mita 1.5, na ukizidisha kwa 0.9 unapata mita 1.35 za maji. Eneo la mapato huchimbwa shimo la mraba mpaka kwenye uso wa mwaka uliopita, ambao hujulikana kwa utepe wa vumbi. Theluji hukatwa kwa bomba la ujazo unaojulikana, tabaka baada ya tabaka, na kupimwa kwenye mizani.

Kisha mizania. Tuseme sehemu ya juu ina kilomita za mraba 0.4 na imeongeza mita 0.5 za maji. Ya chini ina kilomita 0.6 na imepoteza mita 1.5. Juu zimeingia mita za ujazo 200,000, chini zimetoka 900,000. Hasara ni 700,000, na ukiigawa kwa eneo lote la kilomita moja ya mraba unapata mita 0.7 za maji kwa mwaka. Barafuto ya Lewis, Mlima Kenya, ilifanyiwa hesabu za namna hii mfululizo tangu 1978 hadi 1996 chini ya mtaalamu wa hali ya hewa Stefan Hastenrath, na ramani yake ya kina ilikuwapo tangu 1934. Ni miongoni mwa barafuto za nchi za joto zilizofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi.

Makosa? Yapo mengi, na mengine hayaonekani. Fito ya chuma hupata joto la jua ikazama yenyewe. Mpimaji akidhani barafu haijapungua, kumbe fito imeshuka nayo. Ndiyo maana huzibwa chini na hupendelewa mbao au plastiki. Upepo huhamisha theluji, kwa hiyo shimo moja lililochimbwa bondeni hutoa mapato ya uongo. Fito hupinda. Na fito hutembea pamoja na barafu, hivyo baada ya miaka michache haipimi tena mahali ilipopandwa.

Kosa ambalo hata vitabu hulirudia ni kupima kushuka kwa uso wa barafu karibu na ncha na kukuita upungufu wa barafuto nzima. Kule chini barafu huinuka kidogo kidogo kwa sababu inasukumwa na ile inayotoka juu. Tuseme jua linaondoa mita 4 kwa mwaka, na msukumo unainua mita 4: uso hautashuka hata kidogo, ingawa mita 4 zimepotea. Sasa msukumo ukipungua na kubaki mita 1, uso utashuka mita 3 kwa mwaka, kwa jua lile lile. Mtazamaji atasema joto limezidi, wakati kilichobadilika ni mgao kutoka juu. Fito ingesomeka sawa miaka yote miwili, mita 4.

Kwa nini ikikonda inapoteza mwendo?

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Ukerewe. Nimesoma kwamba barafuto zikipungua unene hupunguza kasi. Mimi ningetarajia nyepesi ikimbie. Pia naomba hesabu kama ipo. Mwanafunzi, Nansio*

Hesabu ipo, na inashangaza. Barafu haisukumwi na kitu kingine isipokuwa uzito wake juu ya mteremko. Ikikonda, msukumo umekonda.

Ila haikondi kwa uwiano wa moja kwa moja. Msukumo unaofika sakafuni hulingana na unene ukizidishwa na mteremko. Barafu huuitikia msukumo huo kwa kipeo cha tatu: ukiuzidisha mara mbili, barafu hupindika mara nane upesi. Halafu tabaka zinabebana, kila moja ikiongeza mwendo wake juu ya mwendo wa ile iliyo chini, kwa hiyo unene unaingia mara nyingine tena. Kasi ya uso inafuata unene kwa kipeo cha nne.

Chukua barafu ya nyuzi 0 za Selsiasi, unene mita 50, mteremko wa digrii 10. Kwa kupindika peke yake uso wake hutembea karibu sentimita 90 kwa mwaka. Ifanye mita 100, mteremko ule ule, na inatembea zaidi ya mita 14. Ikondeshe mpaka mita 25: haifikishi sentimita 6 kwa mwaka, chini ya upana wa kiganja. Na shehena inayofika chini ni kasi ukizidisha na unene, ambayo ni kipeo cha tano. Unene ukiwa nusu, shehena ni sehemu moja ya 32. Hapo utaona kwa nini barafuto inayokonda inashindwa kulisha ncha yake hata kama juu bado kunanyesha theluji.

Mteremko nao una nguvu. Ukiuzidisha mara mbili, kasi hupanda karibu mara nane, na ndiyo maana barafu ya kwenye miinuko mikali hubaki nyembamba: haihitaji unene mkubwa kusafirisha mzigo wake. Joto la barafu yenyewe pia ni muhimu. Barafu ya nyuzi 10 chini ya sifuri ni ngumu, hupindika takriban mara saba polepole kuliko ya nyuzi 0.

Zaidi ya kupindika kuna kuteleza. Pale ambapo sakafu ina maji, msukumo wa maji hayo huiinua barafu kidogo na kuifanya iteleze juu ya mwamba. Mwanzoni mwa msimu wa joto kasi hupanda. Ajabu ni kwamba maji yakizidi hujichimbia mifereji chini ya barafu, yanatoka upesi, shinikizo linashuka na barafu inakamata mwamba tena. Kwa hiyo dhana kwamba kuyeyuka kwingi lazima kuongeze kasi haisimami kwa barafuto za milimani. Picha za setilaiti za milima mirefu ya Asia zilizopigwa kati ya 2000 na 2017 zilionyesha hivyo: mahali barafu ilipokonda ndipo ilipopunguza mwendo, na kwenye milima ya Karakoram, ambako unene ulikuwa haujabadilika sana, kasi ilisimama ilipo au ikaongezeka kidogo.

Zipo zinazokiuka. Barafuto inayoishia kwenye ziwa la kina huweza kukonda mpaka ncha ianze kuelea na kukatika mapande, na ikikatika nyuma yake hukosa kizuizi na kukimbia. Nyingine hulala miaka mingi kisha zikafyatuka kwa miezi kadhaa. Hizo zisikuvuruge kwenye mtihani. Kanuni ni ile ya unene.

Nafunika barafu kwa pumba. Kwa nini mlima usifunikwe?

*Nauza barafu ya mabonge kwa wenye boti. Nikifunika kwa pumba za mpunga inakaa. Juu ya milima kuna mawe na vumbi juu ya barafu. Je, nayo huifunika? Na Kilimanjaro je, hawawezi kufunika? Muuza barafu, Igoma*

Pumba zako zinafanya kazi kwa sababu zimeshika hewa, na hewa isiyotembea hupitisha joto polepole. Mawe juu ya barafuto hufanya hivyo pia, ila kwa sharti la unene. Vumbi au kokoto nyembamba, chini ya sentimita 2 hivi, ni balaa: rangi yake nyeusi hunyonya jua na joto linafika barafuni papo hapo, hivyo barafu iliyochafuka huyeyuka upesi kuliko iliyo wazi. Tabaka likifika sentimita 5 au zaidi linaanza kukinga. Likifika nusu mita, barafu chini yake hupotea kidogo tu.

Jambo hilo hubadilisha umbo la barafuto nzima. Zile za Nepal zilizofunikwa na kifusi, kama Ngozumpa, hazirudishi ncha nyuma kwa haraka, maana ncha ndiyo iliyofunikwa zaidi. Zinakonda katikati, palipo na kifusi chembamba. Mteremko wa uso unapungua, msukumo unapungua, na kilomita kadhaa za chini zinalala bila mwendo. Hapo mabwawa hutokea, na kuta tupu za barafu pembeni ya mabwawa huyeyuka kwa fujo. Kwa ncha yake utasema barafuto ni nzima, na ndani imeshaliwa.

Kufunika kwa vitambaa kunafanyika. Uswisi, kwenye barafuto ya Rhône, kila kiangazi hutandikwa vitambaa vyeupe juu ya sehemu ndogo yenye pango la watalii. Chini ya kitambaa kuyeyuka hupungua kwa nusu mpaka asilimia 70. Lakini ni eneo dogo, vitambaa huchanika, barafu ya chini huendelea kutambaa na kuvikunja, na kila mwaka lazima vitandikwe upya. Kwa Kibo limewahi kupendekezwa kufunika zile kuta wima. Tatizo, mbali na upepo na kupanda na mizigo mpaka mita 5,800 juu ya usawa wa bahari, ni kwamba barafu ile inakufa kwa kukosa theluji mpya, na kitambaa hakileti theluji.

Kama mwalimu wa Nyamagana angependa kulionyesha hili darasani, gandisha maji kwenye makopo matatu meupe ya lita moja, yaliyo sawa, usiku kucha na mchana wake. Toboa matundu matatu chini ya kila kopo kwa msumari wa moto. Yapange ndani ya boksi lililojazwa pumba pembeni, juu ya vikombe, ili joto liingie kwa juu tu. La kwanza liache wazi. La pili nyunyiza kijiko kimoja cha chai cha unga wa mkaa. La tatu weka mchanga mkavu wa sentimita 5. Pima maji ya kila kikombe kila dakika 15, kati ya saa nne na saa saba mchana. La mkaa litangulie, la mchanga libaki nyuma. Isipokuwa hivyo, angalia mambo matatu: mchanga ulikuwa na unyevu, tundu limezibwa, au wingu lilikaa juu muda wote. Mkaa bila jua kali hauna la kufanya.

Kibo ni baridi chini ya sifuri. Inayeyukaje?

*Nimesoma kwamba wastani wa joto kileleni ni nyuzi 7 chini ya sifuri. Barafu haigeuki maji kwenye baridi hiyo. Basi barafu inakwenda wapi? Msomaji, Musoma*

Swali hili ndilo lililotupa raha kuliko yote. Joto la hewa ni chanzo kimoja tu, na pale juu si kikubwa. Kikubwa ni jua.

Barafu hupotea kwa njia mbili: kuyeyuka, au kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia maji, kama nguo iliyoganda inavyoweza kukauka ikiwa bado ngumu. Kuyeyusha kilo moja hugharimu kilojuli 334. Kuipaisha kuwa mvuke hugharimu karibu 2,830, mara nane na nusu. Ikiwa uso wa barafu unabakiza wati 100 kwa kila mita ya mraba kwa siku nzima, nishati hiyo inaweza kuyeyusha kilo 26, au kupaisha kilo 3. Hewa kavu na baridi ya Kibo huipeleka nishati nyingi kwenye njia ghali, ndiyo maana barafu ile imedumu. Sehemu yake ya zamani zaidi, kwa mujibu wa vipande vilivyochimbuliwa mwaka 2000, ina miaka inayokaribia 11,700.

Kinachoamua ni rangi. Theluji mpya hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga. Barafu kuukuu yenye vumbi hurudisha 30 au 40 tu. Maana yake barafu hiyo inanyonya nishati mara tatu au zaidi ya theluji mpya. Kwa hiyo mvua za masika au vuli zikikosa kuleta theluji, barafu inapata hasara mara mbili: mapato hayakuingia, na kinga imeondoka.

Halafu kuna kuta. Barafu ya uwanda wa juu wa Kibo haina kingo zinazonywea taratibu kama barafuto za kawaida. Imeishia kwa kuta wima, nyingine zaidi ya mita 20. Ukuta ukitazamana na jua, uso wake hufika nyuzi 0 hata hewa ikiwa chini ya hapo, na hutiririka. Zinazotazama kaskazini huungua karibu na Juni, za kusini karibu na Desemba. Theluji haishiki ukutani, basi ukuta hauna namna ya kukua, unarudi tu, kwa karibu mita moja kwa mwaka. Kipande chenye upana wa mita 50, chenye kuta pande mbili, hakihitaji hesabu ngumu. Na mwendo haukisaidii: barafu hiyo ni ya baridi, imeganda kwenye mwamba na imekaa karibu tambarare, kwa hiyo kanuni tuliyomwonyesha mwanafunzi wa Nansio inaipa kasi inayokaribia sifuri. Hakuna wachukuzi wanaoleta makapu.

Tarakimu: mwaka 1912 Kibo ilikuwa na kilomita za mraba 12 za barafu. Mwaka 2011 zilibaki 1.76. Vipimo vya 2021 na 2022 vinatoa pungufu kidogo ya 1. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, kisiwa na maji yake, ina takriban kilomita za mraba 2.18, barafu yote ya Kilimanjaro haifiki nusu yake.

Sasa ule mlezi mmoja tuliomtaja. Ziwa Victoria lilikuwa juu sana mwishoni mwa miaka ya 1870, kisha likashuka kwa nguvu. Barafu za Afrika Mashariki zilianza kurudi nyuma wakati huo huo, karibu 1880, kabla Mjerumani Hans Meyer hajafika kilele cha Kibo mwaka 1889. Mvua zilipungua, ziwa likaonyesha ndani ya miaka michache, barafu ikaanza kulipa polepole. Joto la dunia la miaka ya karibuni limekuja juu ya deni hilo la ukame. Anayesema ni joto tupu, na anayesema ni ukame tupu, wote wamesoma ukurasa mmoja wa daftari.

Joto likisimama leo, barafu nayo itasimama?

*Swali fupi: dunia ikiacha kupata joto, barafuto zitaacha kupungua mwaka huo huo? Msomaji, Bukoba*

Hapana. Barafuto inahitaji muda kujipanga upya kulingana na hali ya hewa. Kadirio la haraka: gawanya unene wake mkubwa kwa kina kinachoyeyuka kwenye ncha kila mwaka. Unene mita 60, kuyeyuka mita 3: miaka 20. Aletsch ya Uswisi, yenye karibu mita 800 mahali pa kina zaidi na inayoyeyuka zaidi ya mita 10 kwenye ncha, inahitaji miongo saba au nane. Tangu katikati ya karne ya 19 imerudi zaidi ya kilomita 3, kama urefu wa Daraja la Kigongo–Busisi, na sehemu ya safari iliyobaki ni ya joto ambalo limeshatokea. Ndogo hujibu upesi: Uswisi nzima ilipoteza sehemu moja ya kumi ya barafu yake kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023.

Kadirio hilo lina mpaka. Linafaa kama mstari wa usawa bado unakata barafu, maana hapo upo ukubwa mpya, mdogo zaidi, ambao barafuto inaweza kutulia. Mstari ukipanda juu ya kilele, eneo la mapato limefutika na hakuna pa kutulia. Lewis imefika huko. Kwake umri uliobaki ni unene ukigawanywa kwa hasara ya mwaka, basi.

Kwa dunia nzima, kati ya 2000 na 2023 barafuto zilipoteza wastani wa tani bilioni 273 kwa mwaka, ambazo ni kilomita za ujazo 273 za maji. Ziwa letu linakadiriwa kubeba kati ya 2,400 na 2,750. Kila miaka kumi, basi, Ziwa Victoria zima linaingia baharini kutoka milimani, na usawa wa bahari unapanda karibu robo tatu ya milimita kwa mwaka kwa sababu hiyo peke yake.

Mawe ya Mwanza yaliletwa na barafu?

*Nimeona picha za Ulaya za majabali yaliyoachwa na barafuto. Yanafanana na ya kwetu, hata lile la Bismarck. Je, hapa nako kulikuwa na barafu? Mkazi, Capri Point*

Yanafanana kwa mbali tu. Jabali lililobebwa na barafuto huwa la mwamba mgeni, tofauti na ulio chini yake, na mara nyingi lina mikwaruzo iliyonyooka. Ya Mwanza ni matale yaliyozaliwa pale pale yalipo, ya mwamba uleule wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Ulipasuka kwa nyufa za wima na za mlalo ungali ardhini, maji yakapenya na kuozesha mwamba kandokando ya nyufa, kona zikawa mviringo. Baadaye udongo laini ulioozea katikati ukasombwa na mvua, na mabonge yaliyobaki yakakaliana. Ukitaka kuhakiki, chimba kando ya kilima chochote cha mawe huko Bugando au Igogo: utakuta mabonge mengine ya duara bado yamo ndani ya udongo wa kichanga, yakiwa yamezungukwa na maganda yake yaliyooza.